Panapowezekana

Chukwani, saa nne asubuhi. Feni inapeperusha karatasi.
Kifungu cha kumi na moja, karani anasoma:
"Jengo la ghorofa litakuwa na mlango wa pili
panapowezekana."

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akatabasamu:
"Wewe msanifu, tuchoree. Maneno tuachie wenyewe."

Nikatoa mkobani kipande cha boriti
nilichokiokota Kajificheni, kwa Bi Sichana,
siku ya tatu baada ya masika kuuangusha ukuta.
Nje mkoko wa haki, mgumu.
Nikakigonga mezani: unga wa mchwa ukamwagika
juu ya mswada.

Neno lenu, nikasema, lina silabi saba.
Ngazi yake ilikuwa na vidato kumi na vitatu
na mlango mmoja, tena wa kufungukia ndani.
Nyumba ile niliikagua mimi.
Niliandika: boriti zibadilishwe,
panapowezekana.
Saini yangu hiyo hapo chini.

Vijana wa uokozi walichimba kwa makarai,
kila mara wakinyamaza wote, wakisikiliza.
Mkubwa wao, Shaame, aliniuliza moja tu:
"Chumba cha kulala kilikuwa upande gani?"
Nikamchorea vumbini kwa kidole.
Sijawahi kuchora vizuri vile,
wala kuchelewa vile.

Kimya. Feni.
Mwenyekiti anapangusa kwa leso, unga unazidi kuenea.
"Futa," akasema.
Karani akautazama unga,
akalitazama neno,
kalamu mkononi.