Imeingia Pumzi

Maabara yetu pale Kitangari ilikuwa na mlango, kufuli,
na nyuma yake popo.
Kwa hiyo Mwalimu Nachundu alifundishia uani,
na mkaa akaagiza kwa mama.

Nilitamani ardhi inimeze.
Miaka mitatu nafua sare mara mbili
nisinuke tanuri,
leo Bi Somoe anaingia getini na debe kichwani,
masizi hadi kwenye kope,
anauliza mbele ya wenzangu: "Niutue wapi?"

Mwalimu alikuwa na unga mweusi,
magamba ya nyaya za shaba alizozichoma likizo.
Akasaga mkaa, akachanganya, weusi kwa weusi,
akashindilia ndani ya kopo la kahawa,
akatoboa kifuniko, akachomeka antena ya redio mbovu,
ncha ya pili ikazama kwenye maji ya chokaa.
"Oksijeni imeing'ang'ania shaba," alisema.
"Tuitafutie mwenye kuitaka zaidi."

Mama hakuondoka. Alichuchumaa kando ya jiko,
akapepea kwa mfuniko wa sufuria bila kuombwa.
Maji yakatoa mapovu.
Yakawa tui.

"Na huo mkaa," akauliza, "kwa nini una njaa hivyo?"

Mwalimu akafikicha chaki. Swali hilo halikuwamo kitabuni.
Basi akajijibu mwenyewe, kwa mikono,
anavyoyalaza magogo ya mikorosho iliyochoka kuzaa,
majani mabichi, udongo, tena udongo;
anavyoamka saa nane usiku
kulisikiliza tanuri kama kifua cha mtoto mwenye homa,
na penye ufa anaziba kwa kiganja.
"Mti unaiva bila kupumua.
Ukiacha tundu la sindano tu, imeingia pumzi,
asubuhi unazoa jivu.
Siku tisa nimeunyima.
Utatokaje bila njaa?"

Kopo lilipopoa, mwalimu alilimimina juu ya gazeti.
Katikati ya masizi, punje nyekundu,
ndogo kama mbegu ya ulezi.
Tulisukumana kuiona.
Alimpa mama, si mimi.
Pesa ya debe alimpa nusu, nyingine mwisho wa mwezi,
na mwezi ule haujaisha hadi leo.

Juzi nimepanda tena Kitangari.
Bati nililomwezekea limeanza kuliwa upande wa mfereji,
ukipitisha ukucha unapata unga wa rangi ya matofali.
Akatoa kikopo chake cha wanja, akakitikisa,
kitu kikalia ndani.
Punje ile. Nyeusi tena, kama haijapata kutokea siku ile.

Nikaanza kumweleza, mimi niliyesomea.
Nilifika kwenye neno "hewa"
akaipuliza kidogo kiganjani, akairudisha,
akasokota kifuniko mpaka mwisho.
"Imeingia pumzi," alisema.
Akaniuliza kama nimekula.