Daftari la Hetmani

Saa kumi na mbili asubuhi, Warmia bado giza,
theluji imefika magotini, na mimi humu kituoni
nimefungua vifungo vyote vya koti.
Ziemowit ananitazama, anatazama kipimajoto cha ukutani,
hasemi kitu. Ameoa; anajua.

Hetmani anakuja kwa mwendo wake wa mzee wa kanisa,
kilo mia tatu na kumi, masikio yamemziba macho,
povu jeupe linamdondoka midomoni.
Lina harufu ya mkojo wa jana na ubani uliochacha.
Jike akiinusa huganda palepale
kama aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.
Mimi huinusa, nikakohoa, nikaandika tarehe.

Anapanda kigogo kilichovikwa ngozi
(hajawahi kuuliza kwa nini mchumba hana kichwa).
Dakika sita. Chupa ina joto mkononi,
chenga za utelezi zimebaki juu ya shashi
kama sagu iliyopikwa.

Nilidhani najua nitakachokikuta.
Miaka ishirini na sita nimeandika *dume* kwenye fomu
bila mkono kusita.
Testosteroni ipo, ndiyo: imejaa korodanini,
imeulowesha ule mrija uliojikunjakunja
ambamo mbegu hujifunza kuogelea.
Lakini estrojeni!
Homoni ya kwetu, ya nyonga na maziwa,
ile ambayo daktari wa Olsztyn alinichorea kwa kalamu,
mstari unashuka, unashuka,
halafu akaifunika kalamu yake,
imo humu, tele, ndani ya shahawa ya dume la mbegu.
Nikarudia kipimo. Nikabadilisha maji. Nikailaumu mashine.
Ikajibu vilevile.

Ziemowit, bila kuinua jicho kwenye hadubini:
"Bi Bogna, korodani za nguruwe ndivyo zilivyo.
Hutengeneza zote mbili.
Huichukua ya kiume, huikata kidogo, ikageuka."

Huikata kidogo.
Kama fundi anayepunguza suruali ya marehemu
amshonee mjane sketi.

Kumbe haendi mikono mitupu.
Tumbo la uzazi la jike lina pembe ndefu kuliko mkono wangu,
mbegu peke yake ingechokea njiani.
Basi anatanguliza salamu kwa lugha ya huko huko:
jibane, vuta, pokea.
Nalo tumbo, likisikia sauti inayofanana na yake,
linadhani wazo ni lake.

Nilicheka peke yangu mbele ya sinki.
Nilimkumbuka Ireneusz, aliyelia harusi nzima ya binti yetu
kisha akasingizia vumbi,
kanisa lenyewe limepigwa deki jana yake.
Jioni nitamwambia. Au sitamwambia.
Atauliza kama supu ina chumvi.

Dozi thelathini na mbili, nyuzi kumi na saba,
dereva wa Suwałki anapiga honi, hapendi kungoja.
Nimeandika takwimu daftarini mara mbili,
ya pili kwa wino mzito,
kama mtu anayekiri deni la jirani.

Kabla ya kutoka nikapita zizini.
Joto likanipanda tena, kifuani, shingoni, mpaka masikio,
nikaegemeza paji la uso kwenye chuma cha lango
na chuma kikanivumilia.
Hetmani akaja. Akanipumulia kiganjani,
pumzi nzito, ya uvuguvugu, isiyo na haraka.

Nikamwambia: wewe una za kumwaga,
mimi nahesabu matone.
Watu wakikuita dume, sawa.
Mimi sasa waniiteje?

Akaingiza pua mfukoni mwangu kutafuta tufaha.
Lilikuwepo.