Saa Nne na Robo

Baba alibebesha miche ya parachichi,
kitalu kizima, Tukuyu, mvua ikinyesha:
wembe, utepe wa nailoni,
kikonyo kikikaa ndani ya shina
kama mtoto mgongoni.

Kwanza yalisinyaa maandishi.
Herufi za vibao vya kitalu zikawa sisimizi
zikaishia ukingoni.
Kisha kidole gumba kikaanza kuhesabu
noti zisizokuwepo.
Hela za watu hizo, walisema majirani,
kuna aliyemdhulumu.

Mbeya, Rufaa, daktari kijana:
Fungua. Funga. Gonga vidole.
Vidonge nusu nusu, mara tatu,
na maharage, Mzee Asangalwisye, yasitangulie dawa.
Bei aliiandika, hakuitamka.

Toka Kyela shangazi Tupokigwe
akaleta kopo la unga wa mbegu za upupu,
upupu uleule tuliomwagiana migongoni shuleni
tukajikuna mpaka kengele ya kurudi nyumbani.
Kachemsha, kamwaga maji, karudia,
kakaanga, katwanga.
Sikuamini.

Desemba vidonge viliadimika.
Kijiko kimoja, ndani ya uji.
Baba akafunga vifungo vya shati, vyote saba,
mimi nikijifanya natazama nje.

Januari vidonge vikarudi
na kijiko hatukukiacha.
Ndipo mwili ukacheza ngoma isiyopigwa:
bega, shingo, bega,
kikombe ukutani.

Daktari hakucheka, hakufoka.
"Vyote viwili vinabisha mlango mmoja.
Mngeniambia.
Na unga hauna kipimo, dada:
kijiko cha shangazi si kijiko chako."
Nilitaka achague upande.
Alichukua kalamu, akapunguza.

Sasa tuna daftari.
Mlangoni, pale miguu yake inapogandia,
nimechora mistari ya mkaa aivuke.
Kopo liko juu ya kabati,
kifuniko kimekazwa,
na shangazi akipiga simu huuliza habari za kopo
kabla ya habari za kaka yake.

Saa nne na robo mkono unatua.
Hapo hatuongei.
Nashika mche; anachanja mara moja tu,
anaingiza kikonyo, anazungusha utepe,
anakata kwa meno.
Jana miche tisa.
Leo minne,
na kwa wa tano ananipa kisu,
mpini una joto,
bado unatetemeka.