Amri Iliyobandikwa Mara Tatu

Mara ya kwanza niliibandika kwa uji wa ngano
mlangoni pa kiwanda cha rangi cha Valliammal,
kichochoro cha nne nyuma ya soko la nyuzi, Tiruppur.
Karatasi ya serikali, mhuri wa zambarau:
Acha. Usirudie. Usiendelee.
Chini yake saini ya hakimu,
imekwaruzwa kama mtu anayefukuza nzi.

Alitoka, mikono ya buluu hadi viwikoni.
Akaisoma wima, midomo ikitikisika,
kisha akaniletea mtindi katika kikombe cha chuma.
"Muthaiya, jua kali. Kunywa kwanza."
Nikanywa. Mimi ni tarishi wa mahakama;
nimeajiriwa kubandika,
sikuajiriwa kukataa mtindi.

Watoto wa mtaa ule hawakuhitaji kalenda.
Mfereji ukiwa mwekundu, ni oda ya fulana za Ulaya.
Ukiwa kijani, ni sare za shule.
Ukiwa mweusi, mama zao huwaita ndani.
Na mfereji haukai mahali, unateremka
hadi shambani kwa Karuppannan,
aliyeandika malalamiko kwa mkono wake, kurasa tisa,
akitaja kila mnazi kwa nambari.
Nilipompelekea nakala, alinichotea maji ya kisima,
akaiweka glasi mezani bila neno.
Rangi ya chai, na hakuna aliyetia majani.

Mara ya pili, ile ya kwanza ilikuwa imebanduliwa.
Imebaki alama ya mraba, safi kuliko mlango wote.
Nikabandika humo humo.
"Nina watu ishirini na wawili," alisema,
"Jumamosi wananyoosha mikono.
Mtambo wa kusafisha maji ni bei ya viwanda vitatu kama hiki.
Hakimu wako ameandika niache.
Mbona hakuandika niwaambie nini?"
Sikio la kufa halisikii dawa, nilitaka kumwambia.
Lakini methali ni rahisi
kwa asiyelipa mishahara.

Akaanza kufanya kazi usiku.
Taa zimezimwa, mapipa yanazunguka gizani
kama tumbo la mtu mwenye njaa,
na alfajiri mfereji una rangi isiyo na jina.

Mara ya tatu sikubandika. Nilimkabidhi mkononi.
Ilikuwa hati ya kuitwa shaurini.

Mwendesha mashtaka alisoma kifungu taratibu:
atakayeendelea na kero kwa umma
baada ya kuamriwa na mwenye mamlaka kuiacha,
kifungo kisichozidi miezi sita,
au faini, au vyote viwili.
Kero. Silabi mbili tu, nyepesi kama mbu.
Karuppannan alikaa safu ya mbele
na chupa yake ya maji mapajani.

Wakili wa Valliammal alisimama:
Mteja wangu hakusoma shule.
Nani ajuaye kama alielewa kilichoandikwa?
Nikaitwa mimi.
Uliibandika? Ndiyo.
Alikuwapo? Ndiyo.
Ulijuaje kuwa aliisoma?

Ningeweza kusema sikumbuki.
Feni ilizunguka. Karani aliinua kalamu.
"Midomo yake," nikasema, "ilikuwa ikitikisika."

Miezi miwili, na faini.
Wanasema gerezani walipochukua alama za vidole
karani alikasirika:
gumba lilikuwa na rangi tayari, haikutoka kwa sabuni,
wino wake haukuonekana ulipogusa.

Mfereji sasa ni mkavu. Mbuzi hulala humo.
Wawili kati ya wale ishirini na wawili niliwaona
wakisubiri treni ya Koyambatur, mabegi vichwani.
Kisima cha Karuppannan bado ni chai.
Wataalamu wamemwambia asubiri mvua,
hawakumwambia ngapi.

Kwenye ukumbi wa mahakama, akiongozwa na askari,
alisimama mbele yangu kidogo.
Nilidhani atanitukana.
"Ule mtindi," aliuliza, "ulikuwa na chumvi sana?"
Hapana, nikasema.
Hapana, mama.