Kitenzi cha Mbwa

Saa sita usiku, Mabela, nyuzi thelathini na nane,
na kiyoyozi kinadondosha maji ndani ya ndoo ya rangi.
Nimefungua tena makala ya mbwa.

Yule wa kwanza kuizunguka dunia:
akaokotwa barabarani, akapimwa, akafungwa mikanda,
akarushwa ndani ya chombo kisichokuwa na njia ya kurudi.
Aya nne tu kwa Kiswahili,
na hizo nne tunazigombania wiki ya tatu sasa.

Mimi niliandika: alikufa.
Asubuhi nikakuta: alifariki.
Nikarejesha, nikaeleza kwa adabu,
"Mnyama hufa. Mtu ndiye hufariki."
Kesho yake, alifariki tena.
Jina la mhariri ni Fundi Kiyoyozi, basi,
hana picha, hana wasifu.

Bi Thuwaiba akaingia kati kutoka Ibra,
mwalimu wa fizikia mstaafu,
kazaliwa Wete, kasomesha Nizwa,
anayeandika "obiti" shingo upande
maana moyoni yeye ni mtu wa "mzingo".
Kwake sentensi isiyo na chanzo ni deni.
Akatuuliza sote wawili: "Tanbihi iko wapi?"
Kana kwamba kifo kina nambari ya ukurasa.

Kinayo. Nikaitafuta.
Ilisema joto lilipanda ndani ya chombo,
mitambo ya kupoza hewa haikufua dafu,
na kabla siku haijaisha moyo ukanyamaza.
Chombo kikaendelea kuzunguka na mzoga, miezi mitano.

Fundi akafuta "mzoga".
Akaweka "mwili".

Ndipo nikamwandikia pembeni, nimekasirika kidogo:
Ndugu, wewe ni nani, na huyu mbwa ni nani wako?

Jibu likaja na adhana ya alfajiri,
halina herufi kubwa, halina nukta:

*mimi kazungu wa kaloleni niko doha*
*natengeneza viyoyozi juu ya mapaa*
*mwezi wa saba mwenzangu aliingia chumba cha mitambo asubuhi*
*mlango ukajifunga*
*fomu yao ilikuwa na nafasi ya neno moja*
*wakanipa nitafsiri nimpelekee mamake*
*nilikaa na kalamu hadi jioni*
*dada hata mbwa hakuomba kupanda*

Nilisoma nimesimama.
Ndoo ilikuwa imefurika, maji yamefika kwenye zulia.

Bi Thuwaiba, ambaye hakuuona ujumbe ule,
siku hiyo hiyo akaviondoa vitenzi vyote viwili
akaweka "hakurudi",
na maelezo: "Hapa hapana ubishi."

Tukanyamaza siku nane.
Si kwamba tuliacha kazi.
Nilitafsiri jedwali la injini, hatua ya kwanza na ya pili;
Fundi akanikuta nimezidisha sifuri kwenye shinikizo,
akaitoa, akaandika "haha".
Bi Thuwaiba akaanzisha makala ya kobe,
wale wawili walioupita mwezi kwa nyuma
wakarejea hai, wamekonda.
Aliuliza kama kobe "hurejea" au "hurejeshwa".
Hakuna aliyemjibu.

Usiku huu nimerudi kwenye aya ya nne.
"Hakurudi" ni kweli, sina neno.
Lakini linaziruka zile saa za ndani,
mikanda, pumzi fupi fupi, ukuta unaochoma,
na mashine chini huku ikihesabu mapigo
bila ya mtu kuweza kufungua mlango.

Nimeandika: alifariki kwa joto.
Nimeweka tanbihi, na ukurasa wake.
Kwenye sababu ya kuhariri, ambapo nafasi ni finyu,
nimeandika "marekebisho madogo",
nikabonyeza hifadhi.

Sijazima taa bado, mtu wa Ibra
ameshaongeza nukta niliyoisahau.