Fomu ya Nsimire

Barua imeingia kwenye simu ya prefe, tukaichapisha Nyawera,
faranga mia tano kila ukurasa, kurasa nne,
wa nne hauna kitu ila mstari wa kusaini.
Ni shule ya umma, inasema, ya mji mdogo huko Amerika.
Jina la mji prefe amelitamka mara tatu
na kila mara ukawa mji mwingine.

Wanataka kujua Nsimire Cibalonza alisoma nini kwetu.

Nimefungua rejista ya mwaka ule.
Mvua ya Aprili ilipenya paa la ofisi ikatua kwenye herufi C,
wino wa buluu ukawa ziwa:
Ciza amezama, Cirhuza ameokoka nusu,
Cibalonza yupo, amening'inia kwenye mkia wa herufi.

Hisabati: kumi na sita juu ya ishirini.
Hapo mkono haukutetemeka.

Saa za maabara.
Mwalimu Ganywamulume alikuwa na chupa moja na kibiriti.
Asidi aliichora ubaoni kwa chaki ya njano,
akawaambia wanafunzi wasogee nyuma,
nao wakasogea.
Hizo ni saa ngapi? Nimeandika arobaini.
Nikafuta, nikaandika thelathini na nane,
maana uongo wa tarakimu kamili hunuka.

Michezo, vilabu, uongozi.
Alitunza ufunguo wa choo cha wasichana miaka miwili
na haukupotea hata siku moja.
Uongozi, basi.

Mshauri wa mwanafunzi.
Prefe ameniuliza, huyo ndiye nani?
Nimemkumbuka M'Lushombo, yule wa ndazi pale getini,
aliyemkopesha na kumfokea kwa pumzi moja:
kula, halafu uniambie leo umejua nini.
Nimeliandika jina lake kwa herufi kubwa.
Kwenye anwani nimeweka: getini.

Siku za kutokuwepo: kumi na moja.
Pa kuandika sababu wameacha upana wa kidole.
Kidole hakitoshi mteremko wa Kadutu
ulioondoka usiku na jiko la akina Cibalonza,
sufuria, kuku wawili, na viatu vyake vya shule.
Hizo ni siku tano.
Sita zilizobaki ni za minerivali,
tulipowatoa nje wote wenye deni,
naye akasikilizia jiografia dirishani,
amesimama juu ya tofali, daftari kaligandamiza ukutani,
akinakili mito ya nchi ambazo hakuna aliyejua ataziona.
Je, huko ni kutokuwepo?
Orodha ilikuwa mkononi mwangu.
Niliyasoma majina kwa sauti nzuri, taratibu,
kama mtu anayegawa zawadi.

Muhuri umekauka. Prefe ameupulizia, haa, haa,
akaukandamiza kwa uzito wote wa mwili;
umetoka mwezi nusu, neno Jamhuri limekatika kiunoni.
Watatuamini, amesema. Kwani wana njia nyingine?

Alipotoka nimerudi ukurasa wa pili.
Kumi na moja nimeikata, nimeandika tano.
Hiyo ndiyo namba pekee ya kweli katika fomu nzima,
na ndiyo pekee iliyofutwa ikachafuka.

Tofali bado lipo, nyuma ya darasa la tano.
Asubuhi hii nimepita pale na rejista kwapani.
Kulikuwa na miguu juu yake, visigino vyeupe kwa vumbi.
Nimejifanya natafuta kalamu mfukoni,
nikaitafuta muda mrefu, mpaka kengele.