Kaaga, Hajaondoka

Kila usiku, saa sita kasoro dakika mbili,
niko Ganjoni, ghorofa ya tatu, chumba kisicho dirisha.
Kiyoyozi chadondosha maji katika ndoo ya rangi
ambayo mimi, mhandisi, ndiye ninayeimwaga.
Saa ikitimu, nafasi za kesho za geti la bandari hufunguliwa,
na madereva wa malori, Miritini, Jomvu, Mazeras,
hubonyeza simu zao wote pamoja
kama kwamba kidole ni cha mtu mmoja.

Hodi, husema simu.
Karibu, hujibu seva.
Nimekaribia, husema simu, ndipo mazungumzo huanza.
Hata mashine zina adabu.
Ila ukumbi wetu ulikuwa na viti mia moja ishirini na nane
vya wanaongoja kuitikiwa.
Wa mia moja ishirini na tisa alipobisha
hakuambiwa hapana. Hakuambiwa kitu.
Kimya hicho kilinipigia simu alfajiri
kwa sauti ya mkuu wangu, Bwana Mwachiro.

Nikaandika: elfu nne na tisini na sita.
Mstari mmoja, kitufe kimoja.
Nikajiona fundi.

Usiku wa pili wakaingia wote.
Wote! Nikacheka peke yangu mle ndani,
mpaka hifadhidata ikaanza kuhema.
Harusi ya binamu yangu, Tononoka, tulikosea vivi hivi:
tulibomoa ua wageni wapate kupita,
sufuria za pilau zikabaki zile zile tano.
Saa saba watu wameshika sahani tupu, wanatazamana.
Mlango ukipanuliwa, jiko halina habari.

Usiku wa tatu nikahesabu miunganisho.
Elfu ishirini na nane,
na iliyo hai haifiki elfu mbili.
Iliyosalia imekwisha kuagana,
ila imesimama tu, sekunde sitini kila mmoja.
Nikamkumbuka shangazi Mwanamize.
Huyo huaga sebuleni, akaaga ukumbini,
akaaga tena mlangoni, buibui liko begani,
na pale kizingitini ndipo akumbukapo
habari yenyewe iliyomleta.
Mama hakumfungia mlango hata siku moja.
"Huenda kuna neno lake liko njiani," alisema.
Na vitabu vya kazi yangu havisemi zaidi ya hapo:
anayekawia anangoja barua iliyochelewa.

Basi sikuwafukuza.
Niliruhusu mgeni mpya akae palipoachwa na aliyeaga.
Ila subira nikaikata kwingine:
atakayenyamaza sekunde tano, nje.
Grafu ikalala bapa kama maji ya kisima.
Bwana Mwachiro akanitumia picha ya kidole gumba.

Usiku wa nne, simu, nambari nisiyoijua.
"Miye Kadenge, niko Samburu, nina kontena la dawa.
Nimepanda juu ya kichwa cha lori nipate mtandao.
Nambari ya kontena ina herufi na tarakimu kumi na moja.
Kila nikifika ya tisa, mwanitoa.
Vidole vyangu ndivyo hivi, mama. Sina vyengine."

Nyuma yake upepo, na mtu akikohoa.
Nikatazama ile tano niliyoiandika,
jinsi ilivyokaa mwisho wa mstari, imejikunja, imeridhika.
Nikaifuta. Nikaweka ishirini.
"Jaribu sasa, Bwana Kadenge. Polepole."

Grafu ikainuka kidogo,
kama kifua cha mtu aliyelala.
Bwana Mwachiro akauliza mbona imepanda.
Nikamjibu: kuna mtu bado anaandika.
Kisha nikaenda kumwaga ndoo.